Shajara ya mradi: kubadilisha ukanda wa saa wa kompyuta kwa skripti

10 Machi 2025: Lengo na mipaka ya kazi

Shajara hii inafuatilia uandishi wa skripti mbili, moja ya Linux na nyingine ya Windows, ambazo kila moja hupokea jina la ukanda wa saa, hubadilisha mpangilio wa kompyuta, kisha huhakiki kwamba badiliko limeshika kweli. Kompyuta zinazohusika ni za aina mbalimbali: ziko seva za Linux, ambazo baadhi ya kazi zake huendeshwa ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya seva moja), na ziko kompyuta za Windows zilizosakinishwa kutoka nakala moja iliyokuja na ukanda wa Pacific Standard Time. Kazi hii inaweza kufanywa kwa mkono, lakini mkono husahau, na kompyuta moja iliyosahaulika inatosha kuvuruga ulinganishaji wa kumbukumbu za matukio za kundi zima.

Mpaka wa kwanza uliowekwa ni kwamba skripti isiguse saa yenyewe. Linux huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na ukanda ni kanuni tu ya kuisoma hesabu hiyo kwa saa za mahali fulani. Mtu anayeona saa imepotoka kwa saa tatu kamili, akaisogeza saa badala ya kurekebisha ukanda, huwa ameficha tatizo: kioo kinaonyesha saa sahihi ilhali UTC iliyo chini yake imeharibika, na uthibitishaji wa Kerberos (mfumo wa kutambua watumiaji kwenye mtandao), ambao kwa kawaida hauvumilii tofauti inayozidi dakika 5, huanza kukataa watumiaji. Kwa hiyo skripti zote mbili husoma UTC kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na tofauti ikizidi muda uliotumika kuendesha amri, kazi huhesabiwa kuwa imeshindikana.

Mpaka wa pili ni kutumia majina na si tofauti za saa. Majina yanatoka katika hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, na ambayo tangu mwaka 2011 iko chini ya IANA, taasisi inayosimamia majina na namba za intaneti. Jina kama Asia/Kathmandu halisemi tu kwamba Nepal iko saa 5 na dakika 45 mbele ya UTC. Linabeba pia habari kwamba kabla ya mwaka 1986 tofauti hiyo ilikuwa saa 5 na dakika 30, na litabeba badiliko lolote litakalofuata. Namba tupu haiwezi kufanya hivyo.

Fedha hazikuhitajika, kwa kuwa amri zote zimo tayari ndani ya mifumo yenyewe.

12 Machi 2025: Linux, toleo la kwanza

Kwenye seva za kawaida amri moja ilitosha: `timedatectl set-timezone Asia/Kathmandu`. Amri hiyo huelekeza kiungo `/etc/localtime` kwenye faili husika ndani ya `/usr/share/zoneinfo`, na mpangilio hudumu hata baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa.

Ndani ya kontena amri hiyo ilikataa, kwa sababu kontena nyingi haziendeshi systemd, programu inayosimamia huduma za Linux na ambayo amri hiyo huitegemea. Njia mbadala iliyojaribiwa kwanza ilikuwa ile inayoonekana katika maelekezo mengi ya zamani, yaani kuandika jina jipya kwenye `/etc/timezone` na kisha kuendesha `dpkg-reconfigure -f noninteractive tzdata`, ambapo tzdata ni kifurushi chenye data za kanda. Ilimaliza bila hitilafu yoyote, lakini ukanda haukubadilika, na jina lililoandikwa ndani ya `/etc/timezone` lilirudishwa kuwa lile la zamani. Matoleo mapya ya kifurushi hicho hukiamini kiungo `/etc/localtime` kuliko faili la maandishi, hivyo yalichukua kiungo cha zamani na kulisahihisha faili lililokuwa limebadilishwa. Dawa yake ni kuanza na kiungo, kisha faili.

Maelekezo mengine hupendekeza kunakili faili la ukanda juu ya `/etc/localtime` badala ya kutengeneza kiungo. Sikuifuata njia hiyo. Nakala haipati masahihisho pale kifurushi cha tzdata kinaposasishwa, na tena hupoteza jina: faili linabaki na kanuni za ukanda, lakini hakuna programu inayoweza kujua kwa uhakika ni ukanda upi uliochaguliwa.

Hitilafu iliyochukua muda mrefu zaidi siku hii ilikuwa ya kimya kabisa. Jina lililoandikwa vibaya kwenye kigeu cha mazingira `TZ`, ambacho huiambia programu itumie ukanda upi, halileti kosa lolote. Amri `TZ=Afrika/Cairo date`, yenye herufi k mahali pa c, ilirudisha saa ya UTC na kuibandika neno «Afrika» kana kwamba huo ni ufupisho halali wa ukanda. Maktaba ya mfumo inaposhindwa kulipata faili, huyachukua maandishi yenyewe kuwa kanuni ya ukanda, na kwa kuwa hayana namba, huhesabu tofauti kuwa sifuri. Mtu anayetazama haraka ataona tarehe, saa na neno linalofanana na alichokusudia, akaridhika.

Kwa sababu hiyo uhakiki wa jina uliwekwa mwanzo kabisa wa skripti. Kuuliza tu kama faili lipo hakutoshi, maana ndani ya folda ile ile kuna mafaili mengine kama `zone.tab` ambayo si kanda. Faili la kweli la ukanda huanza na herufi nne, TZif, na hizo ndizo zinazokaguliwa:

```
#!/bin/sh
ukanda="$1"
faili="/usr/share/zoneinfo/$ukanda"

if [ "$(head -c 4 "$faili" 2>/dev/null)" != "TZif" ]; then
  echo "Hakuna ukanda unaoitwa: $ukanda" >&2
  exit 1
fi

if [ -d /run/systemd/system ]; then
  timedatectl set-timezone "$ukanda"
else
  ln -sfn "$faili" /etc/localtime
  if [ -f /etc/timezone ]; then
    echo "$ukanda" > /etc/timezone
  fi
fi
```

Mambo mawili ya kuangalia kwa atakayeinakili. Nakala ndogo za mifumo ya kontena mara nyingi hazina kabisa folda ya `/usr/share/zoneinfo`, hivyo tzdata isakinishwe kwanza. Na pale ambapo `/etc/localtime` imeingizwa ndani ya kontena kutoka kwa kompyuta mwenyeji, `ln` hukataliwa kwa kuwa faili linatumika; hapo hakuna la kufanya ila kuweka `TZ` wakati wa kuianzisha kontena.

14 Machi 2025: Alama ya kujumlisha iliyogeuka

Katika orodha ya kompyuta zilizosubiri kubadilishwa, baadhi hazikuandikiwa jina la mahali bali «GMT+3». Ndani ya hifadhidata kuna jina linalokaribia sana, `Etc/GMT+3`, na skripti ililikubali kwa kuwa ni faili halali. Matokeo yalikuwa saa iliyo nyuma ya UTC kwa saa tatu, yaani saa sita kamili kutoka pale palipotakiwa.

Majina ya kundi la Etc hufuata desturi ya POSIX (viwango vya mifumo ya jamii ya Unix), ambamo namba huonyesha saa za kuongeza kwenye saa za mahali ili kuipata UTC. Kwa hiyo mahali palipo mashariki, saa tatu mbele, ni `Etc/GMT-3`. Desturi hii ni ya zamani na haitabadilishwa, kwa kuwa mifumo mingi inaitegemea. Niliona ni salama zaidi skripti iyakatae majina yote yanayoanza na `Etc/GMT` yakifuatwa na alama, na imtake mtumiaji ataje mahali. `Etc/UTC` imeachwa ipite, kwa kuwa seva nyingi zinastahili kubaki humo.

19 Machi 2025: Windows

Windows haitumii majina ya IANA. Ina majina yake, kama `India Standard Time` kwa Asia/Kolkata au `FLE Standard Time` kwa Europe/Kyiv, na yanabaki kwa Kiingereza hata pale mfumo unapoonyesha lugha nyingine. Amri ya msingi ni `tzutil`: `/g` husoma ukanda uliopo, `/l` huorodhesha kanda zote, `/s` huweka ukanda mpya. Kwenye PowerShell (programu ya amri na skripti ya Windows) 5.1 na kuendelea kuna pia `Get-TimeZone` na `Set-TimeZone`. Jina lina nafasi ndani yake, hivyo lizungukwe na alama za kunukuu; bila hizo amri husoma neno la kwanza peke yake na kukataa.

Kabla ya kukubali kutumia `tzutil`, nilijaribu kuandika moja kwa moja kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation`, kwa matumaini ya kupata njia itakayofanya kazi hata kwenye mifumo mikongwe. Njia hiyo imeachwa. Thamani ziliandikika, lakini mfumo uliokuwa ukiendelea kufanya kazi haukuarifiwa chochote, na saa kwenye kioo ilibaki vilevile. Pia thamani iitwayo Bias huhesabiwa kwa dakika za kuongeza kwenye saa za mahali ili kuipata UTC, kwa hiyo mahali palipo saa tatu mbele huwa na hasi 180, ambayo kwenye rejista huonekana kama 4294967116. Anayeandika 180 ameihamishia kompyuta upande wa pili wa dunia. Ni mtego ule ule wa `Etc/GMT`, kwa sura nyingine.

Kompyuta kadhaa za mkononi zilikubali ukanda mpya, zikathibitisha, kisha baadaye zikarudi kwenye ukanda wa awali bila mtu kuzigusa. Chanzo kilikuwa huduma ya `tzautoupdate`, ile inayowekwa na swichi ya kuchagua ukanda kiotomatiki kwa kufuata mahali kompyuta ilipo. Huduma hiyo inapokadiria mahali kwa makosa, hushinda chochote kilichowekwa na skripti. Sasa huzimwa kwanza:

```
param([string]$Ukanda)

$jedwali = Import-Csv "$PSScriptRoot\kanda.csv"
$jipya = ($jedwali | Where-Object iana -eq $Ukanda).windows
if (-not $jipya) {
  Write-Error "Hakuna $Ukanda kwenye jedwali"
  exit 1
}

Set-ItemProperty -Name Start -Value 4 `
  -Path 'HKLM:\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\tzautoupdate'

$zamani = tzutil /g
tzutil /s "$jipya"
if ((tzutil /g) -ne $jipya) {
  tzutil /s "$zamani"
  exit 1
}
```

Jina la zamani husomwa kwa `tzutil` na si kwa `Get-TimeZone`, kwa sababu `tzutil` huongeza kiambishi `_dstoff` pale ambapo saa za majira ya joto zimezimwa, na bila kiambishi hicho kurudisha hali ya awali hakutakuwa kamili.

Kuhusu haki: kuanzia Windows Vista, mtumiaji wa kawaida kwenye kompyuta ya mezani anaweza kubadilisha ukanda bila kuwa msimamizi, lakini kwenye Windows ya seva haki hiyo ni ya wasimamizi, na kuandika kwenye rejista kunahitaji msimamizi popote pale. Skripti basi iendeshwe kwa haki za msimamizi.

31 Machi 2025: Kosa lililojificha hadi saa zilipobadilika

Tarehe 30 Machi nchi za Ulaya zilisogeza saa mbele. Asubuhi iliyofuata kompyuta ya Windows iliyowekwa kwenye Africa/Abidjan ilikuwa saa moja mbele ya seva ya Linux yenye ukanda ule ule, ingawa Côte d'Ivoire haina saa za majira ya joto.

Jedwali la kwanza la kulinganisha majina ya IANA na ya Windows (`kanda.csv`) liliandikwa kwa mkono, na mstari wa Abidjan ulikuwa umepewa `GMT Standard Time`. Jina hilo linasikika kuwa sahihi kabisa, na mpaka tarehe 29 Machi lilitoa majibu sahihi. Lakini kwa Windows, `GMT Standard Time` ni ukanda wa London, ambao majira ya joto huhama kwenda saa moja mbele. Mahali panapobaki kwenye GMT mwaka mzima, kama Abidjan au Reykjavik, hupewa `Greenwich Standard Time`. Majaribio yote yalikuwa yamepita kwa sababu yalipima tofauti ya saa ya siku hiyo tu, na katika majira ya baridi kanda hizo mbili hazitofautiani hata kwa dakika moja.

Gharama yake ilikuwa ripoti za siku moja zilizotolewa kabla ya wakati, zikiwa na data pungufu, na ambazo zililazimika kutengenezwa upya. Jedwali la mkono limetupwa. Lililowekwa badala yake linatokana na faili la `windowsZones.xml` la CLDR, mradi wa Unicode wa data za lugha na maeneo, ambalo ndilo chanzo kinachotumiwa na programu nyingi kwa ulinganishaji huu. Kwenye PowerShell 7.2 na kuendelea jedwali halihitajiki kabisa, kwa kuwa .NET 6, jukwaa ambalo PowerShell hiyo imejengwa juu yake, ilileta kazi ya `TryConvertIanaIdToWindowsId`, lakini kompyuta nyingi za kundi hili bado zina 5.1.

2 Aprili 2025: Siku mbili za mwaka hazitoshi

Baada ya kosa la Abidjan, jaribio lilibadilishwa lipime tarehe mbili, moja ya Januari na nyingine ya Julai. Kipimo hicho hunasa nchi nyingi, za kaskazini na za kusini mwa ikweta, na kwa muda mfupi nilikiona kuwa kinatosha. Kilichokivunja ni Morocco.

Africa/Casablanca iko saa moja mbele ya UTC karibu mwaka mzima, lakini hurudi kwenye UTC wakati wa Ramadhani. Mwaka huu ilirudi tarehe 23 Februari na itasonga mbele tena tarehe 6 Aprili. Kwa kipimo cha Januari na Julai, ukanda huo hautofautiani hata kidogo na `W. Central Africa Standard Time`, ambao ni wa Lagos na haubadiliki kamwe. Jina sahihi ni `Morocco Standard Time`. Na kwa kuwa Ramadhani hufuata kalenda ya mwezi, kila mwaka tarehe hizo husogea, hivyo hakuna jozi ya tarehe itakayobaki salama.

Jaribio sasa hupita kila siku ya mwaka, saa sita mchana kwa UTC. Upande wa Linux hutoa orodha hivi:

```
siku=0
while [ $siku -lt 365 ]; do
  t=$((1735732800 + siku * 86400))
  TZ="$ukanda" date -d "@$t" +%z
  siku=$((siku + 1))
done
```

Namba 1735732800 ni tarehe 1 Januari 2025, saa sita mchana kwa UTC. Upande wa Windows hutoa orodha ya aina hiyo hiyo kwa `GetUtcOffset`, kisha orodha mbili hulinganishwa mstari kwa mstari. Kwa jedwali zima kazi hiyo huchukua muda mfupi tu, na ni jaribio ambalo ningemshauri mtu aliandike kabla ya kuandika skripti yenyewe.

10 Aprili 2025: Programu ambazo hazikuona badiliko

Mpangilio ulikuwa sahihi, `date` ilijibu sahihi, na bado kazi za usiku za cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, zilianza kwa saa za ukanda wa zamani. Programu nyingi husoma ukanda mara moja tu, zinapoanza, kisha huuweka kichwani. Cron ni mojawapo, kwa hiyo skripti sasa huianzisha upya, kwa jina la `cron` kwenye familia ya Debian na `crond` kwenye familia ya Red Hat. Programu za Java nazo zianzishwe upya. Kwenye Windows jambo hilo lilionekana ndani ya skripti yenyewe: baada ya `tzutil /s`, `Get-Date` kwenye dirisha lile lile la PowerShell iliendelea kutoa saa ya zamani, mpaka ilipoitwa `[System.TimeZoneInfo]::ClearCachedData()`.

Hifadhidata zilihitaji uangalifu zaidi. MySQL husoma ukanda wa mfumo wakati seva yake inaanza, kwa hiyo kuianzisha upya kunatosha kwa saa zitakazokuja. Safu za aina ya TIMESTAMP huhifadhiwa kwa UTC na husomeka sawasawa baada ya badiliko, lakini safu za DATETIME ni namba zisizo na ukanda: zilizoandikwa jana kwa saa za zamani zitabaki hivyo, na zile za leo zitafuata saa mpya, bila alama yoyote ya kuzitenganisha. Kwa hiyo saa kamili ya badiliko huandikwa na skripti, kwa UTC, kwenye faili la kudumu, ili atakayezichambua safu hizo baadaye ajue mpaka uko wapi.

PostgreSQL ina tabia tofauti. Wakati hifadhidata inatengenezwa kwa mara ya kwanza, `initdb` huandika ukanda wa siku hiyo ndani ya `postgresql.conf`, kwenye mistari ya `timezone` na `log_timezone`. Kuanzia hapo hauifuati kompyuta tena. Hata kuianzisha upya hakusaidii. Ni lazima mistari hiyo ibadilishwe. Skripti haiigusi, bali hutoa onyo ikikuta jina lisilolingana, kwa sababu msimamizi anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuiacha kwenye UTC.

28 Aprili 2025: Kanuni zilizopitwa na wakati

Misri ilirejesha saa za majira ya joto mwaka 2023 baada ya miaka kadhaa ya kutozitumia, na mwaka huu ilisogeza saa mbele tarehe 25 Aprili. Seva mbili zenye Africa/Cairo zilitofautiana kwa saa moja kuanzia siku hiyo, ingawa jina la ukanda na kiungo vilifanana kwa kila herufi. Seva moja ilikuwa na tzdata iliyotolewa kabla ya badiliko la 2023.

Hapa skripti haikuwa na kosa la kurekebishwa, ila ilikosa swali la kuuliza. Limeongezwa kabla ya hatua nyingine zote:

```
kipimo=$(TZ=Africa/Cairo date -d '2025-07-01 12:00 UTC' +%z)
if [ "$kipimo" != "+0300" ]; then
  echo "tzdata ni ya zamani; isasishwe kwanza" >&2
  exit 1
fi
```

Jibu la +0200 maana yake kanuni ni za kabla ya 2023. Upande mwingine, mfumo mpya mno nao unaweza kukataa majina ya zamani: kwenye Ubuntu 24.04, jina kama US/Eastern halimo tena kwenye tzdata ya kawaida bali kwenye kifurushi cha `tzdata-legacy`, na Europe/Kyiv kwa upande wake haimo kwenye data iliyotolewa kabla ya 2022. Orodha ya kompyuta imepitiwa na majina ya zamani yamebadilishwa, US/Eastern ikawa America/New_York, badala ya kusakinisha kifurushi cha ziada kila mahali.

Kwa sasa mpangilio wa utekelezaji ni huu: kusasisha data za kanda, kuhakiki jina, kuandika UTC ya wakati huo, kubadilisha ukanda, kuanzisha upya cron na hifadhidata zinazohitaji, kisha kulinganisha orodha ya siku 365. Seva za kazi hubadilishwa katika saa ambayo haina kazi yoyote iliyopangwa, si kwa ukanda wa zamani wala kwa mpya. Skripti ya macOS, ambako amri ni `systemsetup -settimezone` na ambako pia mpangilio wa kufuata mahali hupaswa kuzimwa kwanza, itaandikiwa kipengele chake itakapopita jaribio hilo hilo.